Amina Yangu Kwenye Dirisha la Dawa

Juzi Majengo, kwenye dirisha la duka la dawa, mama aliyekuwa mbele yangu alimsukumia mfamasia pakiti tupu ya vidonge.

“Shikamoo mama. Hizi za sonona uliacha lini?” mfamasia akauliza.

“Marahaba. Nilipotoa ushuhuda kanisani kwamba nimepona, wakaniambia niache dawa. Sasa silali, mwanangu, moyo unakwenda mbio tu.”

“Haziachwi ghafla hizi, mama. Rudi kwa daktari leo hii.”

Alipogeuka akaniona, akaificha pakiti kwenye khanga. Siku ya ushuhuda wake, aliyeitikia “Amina” kwa sauti kuliko wote nilikuwa mimi. Nikamwonyesha cheti changu: dawa za presha, mwaka wa tano.

“Nisamehe, mama,” nikasema.

Akakitazama. “Mbona wewe hukuambiwa uache?”

Nilimsindikiza hadi kwa daktari.