Mchezaji Niliyemchagua wa Kwanza

Mwaka ule timu yetu ilimaliza ligi mkiani, na kwa sababu hiyo tukapewa haki ya kuchagua kwanza. Ligi yenyewe ilikuwa ndogo, ya timu za mitaa ya London, wachezaji wake wanafunzi na wafanyakazi waliokuwa wakipewa nauli na chakula tu. Lakini walioiendesha walipenda mambo ya Marekani. Kila Septemba wachezaji wapya walikusanywa katika ukumbi mmoja, wakapimwa urefu, wakachezeshwa, kisha makocha wakakaa mezani na kuchagua mmoja mmoja kwa zamu. Utaratibu huo waliuita drafti. Mimi kila nikilisikia neno lile nilikuwa naona vizibo vya soda juu ya ubao, na wazee wa mtaani kwetu Ng'ambo wakilana kete.

Nilikuwa kocha msaidizi. Kazi yangu ya mshahara ilikuwa kupakia mizigo ya ndege Heathrow. Mpira wa kikapu nilifundisha kwa mapenzi, kwa kuwa nilicheza Unguja nilipokuwa kijana na sikuweza kuachana nao. Kocha mkuu, mtoto wa Wajamaika aliyezaliwa Croydon, aliniachia kazi ya kuwatazama wachezaji warefu. Siku ile yeye alimtaka gadi mmoja mwepesi, mchezaji wa kuongoza mpira, kijana aliyekuwa akifunga kutoka kila pembe. Mimi nilimtaka Mtanzania mwenzangu, mwanafunzi wa chuo kutoka Singida, mrefu futi saba kasoro kidogo, mwenye mikono ambayo sijapata kuiona kwa binadamu mwingine. Akiinyoosha, alikuwa akigusa wavu wa ringi bila kuruka.

"Gadi wanaokotwa kila mtaa," nilimwambia kocha. "Mikono kama hii utaipata wapi?"

Akajibu, "Mambo yakiharibika, hili ni lako."

"Ni langu," nikasema.

Tukamchagua wa kwanza. Yule gadi akachukuliwa na timu iliyofuata.

Ilipofika Desemba nilikuwa sipati usingizi. Wale waliochaguliwa pamoja naye walikuwa wamekwisha kuchanua. Gadi alikuwa anazungumzwa ligi nzima. Mwingine, senta aliyechaguliwa wa tano, mfupi kuliko wetu kwa kichwa kizima, alikuwa anaokota mipira chini ya ringi kama anayechuma embe. Wetu alianza kila mechi vizuri, kisha baada ya dakika chache akawa anarudi kujilinda kwa kutembea, mikono kiunoni, mdomo wazi. Mpira ukirushwa kutoka mbali alikuwa anauona kwa kuchelewa. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika kila chipukizi wa drafti ile amefanya nini wiki hiyo, na kila Jumapili nikiwapanga kwa daraja, jina la kijana wangu lilikuwa linashuka. Mara mbili nilijikuta nikitafuta sababu ya kumpandisha nafasi moja, kisha nikaona haya, nikafuta.

Watu hawakunisaidia. Baba wa mchezaji mmoja aliniuliza mlangoni, huku akicheka, kama nilimchagua yule kwa sababu ya kikapu au kwa sababu ya Kiswahili. Kocha mkuu hakucheka. Alinipa karatasi ya tathmini, akataka niieleze kwa maandishi: huyu, ukimlinganisha na wenzake wa drafti moja, abaki au aondoke? Jibu alilitaka mwisho wa Januari.

Nikaona nimjue kijana vizuri kabla ya kumhukumu. Nikamwalika nyumbani kwetu Hounslow, Jumapili mchana. Alikuwa amepanga chumba Ilford, kwa hiyo alivuka mji mzima kuja kula. Mke wangu alipika pilau ya kuku na kachumbari. Alikuwa nesi, na aliwahi kukaa miaka miwili katika wodi ya wagonjwa wa moyo.

Kijana alikula kwa adabu, akajibu maswali yangu. Ndiyo, mazoezi anafanya. Ndiyo, analala vya kutosha. Hapana, hajui kwa nini anachoka.

"Wenzangu wanakimbia, Mzee, wala hawahemi," alisema. "Mimi nahisi kama kifua kinanibana. Nadhani ni baridi ya huku."

Mke wangu alikuwa akiitazama mikono yake tangu alipomwekea sahani. Nilidhani anamwonea huruma. Kisha akasema, "Mwanangu, weka kidole gumba ndani ya kiganja. Sasa kunja ngumi."

Kijana akacheka kidogo, akafanya. Ncha ya kidole gumba ikatokeza upande wa pili wa ngumi, ng'ambo ya kidole cha mwisho. Nikajaribu na mimi chini ya meza. Changu hakikufika popote.

"Macho yako yako vipi?"

"Ya mbali siyaoni vizuri, Mama. Tangu shule."

"Na baba yako yu mzima?"

"Alifariki nikiwa darasa la tatu. Alikuwa mrefu kama mimi."

"Aliugua nini?"

"Hakuugua. Alikuwa anabeba gunia, akashika kifua, akaanguka. Walisema amerogwa."

Mke wangu akamwongezea kachumbari, akamwambia kwa sauti ileile ya kawaida kwamba kesho saa mbili asubuhi, simu za zahanati zikifunguliwa, ampigie daktari wake aombe kupimwa moyo, na aeleze habari ya baba yake. Kijana akaitikia. Nilipomsindikiza stendi ya basi na kurudi, mke wangu alikuwa bado amekaa mezani, vyombo havijatolewa.

"Kuna ugonjwa wa kurithi," alisema. "Unawarefusha watu, mikono, vidole. Unaharibu macho. Na ule mshipa mkuu unaotoka moyoni unakuwa dhaifu, unatanuka kidogo kidogo, siku moja unachanika. Sisemi anao. Nasema apimwe. Na asicheze mpaka apimwe. Mwambie wewe, wewe ndiye kocha wake."

Nikasema nitamwambia.

Sikumwambia. Naliandika hili kwa kuwa ndilo linalonisumbua mpaka leo. Daktari alimpa nafasi Jumanne ya wiki ya pili, na Jumamosi kabla ya hapo tulikuwa na mechi dhidi ya timu ya yule gadi. Nilijua nikisimama mbele ya kocha mkuu na kusema kijana asicheze, bila karatasi ya daktari, kwa sababu ya kidole gumba na pilau, atasema namtafutia visingizio mtu wangu. Nilijua pia watu mlangoni watasema nini. Nikajiambia ni siku tatu tu. Nikajiambia amecheza miezi yote hiyo na hajaanguka. Mke wangu aliponiuliza Ijumaa kama nimemwambia, nilisema ndiyo.

Jumamosi alicheza kama sijawahi kumwona akicheza. Labda kula kwetu kulimpa moyo, sijui. Alizuia mipira miwili ya yule gadi mfululizo, wa pili akaudaka hewani kwa mkono mmoja, na ukumbi wote ukasimama. Kocha mkuu alinigeukia akanipiga bega.

"Unaona? Leo ndiye bora kuliko wote wa drafti ile."

Nilikuwa nasubiri neno hilo tangu Septemba. Sikuwa natazama mpira tena. Nilikuwa natazama kifua chake. Kila akiruka nilishika ukingo wa benchi mpaka ashuke. Alipogongana na senta wao na kukaa chini sakafuni, nilikuwa nimekwisha kusimama kabla refa hajapuliza filimbi. Akainuka. Akaweka kiganja kifuani, akakisugua, akarudi kucheza.

Hapo sikuweza tena.

"Mtoe," nilimwambia kocha.

"Nani? Huyo?"

"Mtoe sasa hivi."

"Umechanganyikiwa? Tunashinda kwa sababu yake."

"Baba yake alikufa ghafla akiwa amebeba gunia," nilisema. "Huenda na yeye ana ugonjwa uleule. Nimejua tangu Jumapili, nikanyamaza. Ikiwa hutamtoa, naingia mwenyewe kumtoa."

Kocha akanitazama usoni, na nadhani aliona kitu, kwa sababu hakubishana. Aliomba mapumziko, akamtoa. Kijana alikuja benchi akihema, jasho linamtiririka, akauliza amekosea nini. Nilimwambia hajakosea, akae. Akajifunika taulo kichwani asituone. Tulishindwa mechi ile kwa pointi chache. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikamweleza yote, na jinsi nilivyochelewa kumweleza.

"Mara ya kwanza nacheza vizuri, Mzee," alisema. "Mara ya kwanza. Na wewe ndiye unanitoa."

Alichukua begi lake akaondoka bila kuaga. Nyumbani nilimwambia mke wangu ukweli. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na angebaki palepale sakafuni, ungeniambia nini?" Kisha akaenda kuswali.

Jumanne daktari alimsikiliza, akamwandikia barua ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Baada ya siku chache wakampiga picha ya moyo kwa mashine, na mke wangu ndiye aliyemsindikiza, maana kijana hakutaka kuniona. Mke wangu alinipigia kutoka nje ya jengo. Mshipa ulikuwa umetanuka kupita kiasi. Hakuna tena kikapu, hakuna kunyanyua mizigo, dawa kila siku ya kushusha msukumo wa damu, na upasuaji ambao tarehe yake wangeipanga. Daktari alisema kijana ana bahati kwamba amefika akitembea kwa miguu yake.

Nilikuwa kazini, nimesimama kando ya toroli la mizigo. Nikajiinamia pale mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimeumia.

Karatasi ya tathmini nilimrudishia kocha tupu. Aliipokea, akaikunja, akaitia mfukoni.

Kijana alikaa wiki nyingi bila kunisemesha. Simu iliyokuja ilitoka kwa mama yake. Ilikuwa asubuhi, nimetoka zamu, nikaona namba ya nchini kwetu nisiyoijua. Alijitambulisha, akanisalimu kwa kirefu, akauliza habari za mke wangu na kazi. Nikajiandaa kulaumiwa.

"Baba, nakushukuru," alisema. "Lakini nimekupigia kwa jingine. Madaktari wa huko wamemwambia mwanangu kwamba baba yake alikufa kwa ugonjwa huo. Ni kweli?"

Nikamwambia ndivyo wanavyodhani, na mimi naamini hivyo.

Nilisikia kuku nyuma yake na mtu akifagia.

"Mume wangu alipoanguka, tulisema ni ndugu yake amemroga. Mimi mwenyewe nilisema, mbele za watu. Akahama kijiji. Mpaka leo hatujasalimiana." Akaniuliza, "Sasa nifanyeje?"

Nilimwambia tu kwamba huyo ndugu naye, kama ni damu moja, apimwe moyo yeye na watoto wake, na mtu wa kumpelekea habari hiyo hakuna mwingine ila yeye mama.

"Basi itabidi nimfuate," alisema.

Alimfuata. Nilizipata habari kutoka kwa kijana, ambaye alinipigia mwenyewe baada ya hapo, kwa sauti ya aibu kidogo, kusema kwamba mama yake amelala siku mbili kwa shemeji yake, na kwamba mtoto mmoja wa yule shemeji, msichana mrefu, amepelekwa Dodoma na kukutwa na tatizo hilohilo, likiwa changa. Tukazungumza mpaka basi langu likanipita. Mwishoni akauliza kama siku ya upasuaji tutakuja.

Tulikwenda sote wawili. Walimwingiza asubuhi, na saa zilikwenda polepole kuliko mechi yoyote niliyopata kukaa benchi. Mke wangu alikuwa na tasbihi, mimi nilikuwa nanunua chai nisizozinywa. Kila mlango ulipofunguka nilisimama. Alasiri daktari akatoka, akasema mshipa umebadilishwa na moyo unapiga wenyewe. Jioni tukaruhusiwa kuingia. Miguu yake ilikuwa imepita ukingo wa kitanda, wameiwekea kiti.

Alifungua macho, akatutambua. Akauliza kama mama yake ameshapigiwa. Mke wangu akampa simu.