Chuma Ndani ya Gogo la Mkaratusi

Mpaka leo, nikipita sokoni Kikima na shoka begani, kuna watu wazima, wengine wazee wa kanisa, ambao hugeuka upande na kujifanya wanachagua nyanya. Najua wanacheka. Siwalaumu, kwa sababu ningekuwa wao ningecheka, tena bila kugeuka. Nimeishi na aibu hii miaka mingi na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (kuna mmoja husema nililia mbele ya watu, sikulia, lilikuwa jasho), basi heri niieleze mwenyewe jinsi ilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya themanini, baada ya kumzika mke wangu Kalekye, ambaye watu walimwita Mama Mueni kwa jina la binti yetu. Aliugua tumbo muda mfupi tu. Hospitalini waliniambia neno ambalo sikulielewa, nikaona haya kuuliza mara ya pili, na tukamzika upande wa chini wa shamba karibu na migomba. Mimi si mtu wa maneno mengi. Watu walipokuja kunipa pole niliitikia na kutazama chini, lakini walipoondoka nilibaki na swali ambalo sikumwambia mtu: mwanamke aliyepanda mlima huu na mtungi wa maji mgongoni, kamba kwenye paji la uso, huku akiimba, anaisha vipi upesi hivyo? Nyumba ikiwa kimya, swali kama hilo halikai peke yake, linatafuta mtu. Nikaanza kuwapima watu. Nani alichelewa mazishini. Nani hakula. Nani alikula kupita kiasi.

Aliyekuwa karibu zaidi ni jirani yangu Mama Kioko, mjane, rafiki ya marehemu tangu wote wawili walipoolewa huku juu. Kila asubuhi aliniletea uji. Mtu mwenye akili angesema ahsante na kunywa. Mimi nilisema ahsante, nikanywa nusu kwa wasiwasi, nusu nikawamwagia kuku na kukaa kuwatazama (hawakufa, walinenepa, lakini hilo halikunitosha).

Mwaka ulipokaribia kwisha tukapanga ukumbusho, yaani siku ya kutia kaburi simenti, kuomba na kulisha watu. Watu hawalishwi bila kuni, nami nilikuwa na mkaratusi mkubwa kando ya nyumba ulioanza kulalia mabati. Vijana wa kanisa waliuangusha, wakaukata kwa msumeno wa watu wawili ukawa magogo mafupi, manene, kila moja ukilikumbatia mikono haikutani. Wakasema watarudi kuyapasua. Nikakataa. Niliwaambia ni kazi ninayotaka kumfanyia mke wangu kwa mkono wangu, na ilikuwa kweli, ila kulikuwa na kweli nyingine nyuma yake: sikutaka watu wazungukezunguke uani kwangu.

Shida ni kwamba sikuwa na chombo. Shoka langu la kawaida lilikuwa likiingia kwenye gogo nene kama hilo linakwama, unabaki kulivuta kama mtu anayeng'oa jino la ng'ombe. Mama Kioko alikuwa na lile shoka zito aliloachiwa na mumewe, lenye mdomo mnene na kisogo kipana kama nyundo, ambalo halikati sana bali linasukuma mti ugawanyike. Akaniletea mwenyewe, bila kuombwa. (Kwa nini bila kuombwa? Nililiweka swali hilo pamoja na mengine.) Kisha akayazunguka yale magogo, akayatazama moja moja, akasimama kwenye moja na kuligusa kwa kidole cha mguu.

"Baba Mueni, hili usilipasue," akasema. "Utaniharibia shoka."

"Lina nini?"

"Liache tu. Siku nyingine nitakuambia." Akatazama kule kwenye migomba, akaenda zake.

Nilipasua mengine yote. Gogo nene halipigwi katikati kwa hasira. Unatafuta ufa mdogo ambao jua limeufungua, unaanza pembeni, unamenya vipande kwa kulizunguka, na moyo wa mti unaushughulikia mwisho. Nilikuwa nimekonda sana mwaka ule, suruali niliifunga kwa kamba ya katani, lakini kazi ilinifaa, nikipiga nilikuwa sifikiri. Tatizo lilikuwa nikipumzika. Nikipumzika macho yalikwenda kwenye lile gogo moja lililokaa peke yake. Mtu anakupa shoka upasue kuni, halafu anakukataza gogo moja? Nikajiambia, gogo hilohilo ndilo nitakalopasua.

Pigo la kwanza lilitoa kipande safi. La pili likasema *ngaa!* na cheche ikaruka. Mikono ilikufa ganzi mpaka mabegani. Nilitazama mdomo wa shoka, umemeguka. Nikainama kwenye ufa: ndani kabisa ya mti ule mwekundu kulikuwa na chuma, na kukizunguka mti ulikuwa umegeuka mweusi, mweusi kama wino, mistari ikipanda na kushuka.

Hapo palihitajika jambo dogo tu. Kuligeuza lile gogo na kutazama upande wa pili, wenye gamba. Basi. Badala yake nilichukua gunia, nikalifunika kama maiti, nikaenda kwa Mzee Ndolo.

Mzee Ndolo alikuwa mzee wa kanisa letu, mtu wa maombi kweli, ila mnong'ono wake husikika ng'ambo ya bonde.

"Chuma ndani ya mti mzima?" akanong'ona. "Na umekuwa mweusi? Ngai, Mungu wangu! Hiyo si kazi ya mtu mwema, Baba Mueni."

"Kuna mtu alijua kipo," nikasema.

"Nani?"

Nilikuwa bado na nafasi ya kunyamaza. "Aliyenikataza nisilipasue."

"Ni nani?"

Nikamwambia.

Akasema ataleta watu wawili wa maombi. Jumamosi walikuja mchungaji, wazee, kwaya, akina mama waliokuwa wakienda sokoni na mizigo yao, na watu kutoka upande wa pili wa mlima ambao sikuwajua hata majina. Walilizunguka lile gunia. Mchungaji akasema kanisa haliogopi uoi, hayo ni mambo ya uchawi wa zamani na damu ya Yesu imeyashinda, lakini niliona amesimama mbali kuliko wote. Wakaimba. Halafu akaniambia niseme yaliyo moyoni.

Mimi, ambaye kwenye mazishi ya mke wangu mwenyewe nilishindwa kusema neno, siku hiyo ulimi ulifunguka. Nikasema kuna mtu aliingia uani kwangu akapigilia chuma mtini ili nyumba hii iharibike. Nikasema simtaji, lakini Mungu anamjua. Halafu (hapa ndipo hata sasa huwa nafumba macho) nikanyoosha mkono na kusema: "Yeyote aliyekipigilia, kesho asimame mbele ya kanisa lote, aseme jina lake na alichofanya!"

"Amina!" wakajibu. Mchungaji akasema, "Iwe hivyo."

Nilipoushusha mkono nikamwona Mama Kioko. Alikuwa amefika na chupa ya uji, na watu walikuwa wamempisha, si kwa heshima, walimpisha kama mtu anavyowapisha siafu. Mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Huku kwetu mwanamke akiitwa muoi, yaani mchawi, haliishii kwenye maneno. Haendi tena kisimani na wenzake, chakula chake hakiliwi, na wanawe hawapati wa kuoa. Mwanawe Kioko alikuwa anaposa mwezi uleule.

"Ni mimi unayemsema?" akaniuliza.

"Sijamtaja mtu."

"Unanitaja kwa macho, Baba Mueni."

Mzee Ndolo akakohoa. "Mwaitu, mama yetu, tuambie basi. Ulijuaje kuna chuma humo ndani?"

Nilidhani atapiga kelele au atalia. Aliiweka chupa chini polepole. "Nikisema mtasema najitetea," akajibu. Kisha akanigeukia. "Pasua."

"Nini?"

"Shoka ni langu na nimekuruhusu. Pasua mbele ya watu. Na wewe mchungaji, sogea uone."

Nikapiga. Gogo likanicheka. Nikapiga tena, shoka likaingia likakwama, na kwa kuwa kila mtu alikuwa ananitazama sikutaka kulitikisa polepole kama inavyotakiwa, nikaliinua shoka pamoja na gogo lake lote, niligeuze nilipige chini kwa kisogo kama vijana wenye nguvu wanavyofanya. Nilifika nalo usawa wa kifua. Ile kamba ya katani ikakatika. Suruali haikuteremka kwa awamu, ilikwenda yote mara moja mpaka kwenye vifundo, nami nikabaki nimekumbatia gogo na shoka, siwezi kuviachia maana vingenivunja miguu, siwezi kuinama, nimesimama mbele ya mchungaji na kaptula ya ndani ambayo Kalekye aliishona kwa kitambaa cha mfuko wa unga, na maandishi ya unga yakiwa bado yanasomeka nyuma.

"Mzee, shusha!" mtu akapaza sauti.

"Ameshashusha!" mwingine akajibu.

Kwaya ilikufa kwa kicheko. Akina mama walificha nyuso kwenye leso, mabega yakitikisika. Mzee Ndolo ndiye aliyekuja kunipandisha, akanifunga kwa ile kamba kama mtoto wa shule, huku akinong'ona, "Tulia, Baba Mueni, hakuna aliyeona," na mlima mzima ukasikia.

Niliviachia. Gogo likaanguka kwa upande wake wa pili, likapasuka lenyewe.

Watu wakasogea. Ndani kulikuwa na msumari wa inchi sita uliokunjwa kama kulabu, na kwenye ile kulabu kulikuwa na kipande cha waya kilichosokotwa, kimeliwa na kutu iliyoutia mti weusi wote ule, na mti umevimeza vyote viwili ukanenepa juu yake. Kwenye gamba, upande ule ambao sikuutazama, palikuwa na kovu kama kitovu. Mtoto angeliona.

"Ni msumari," akasema mchungaji, kwa sauti ya mtu aliyenyimwa.

"Ni kamba ya nguo," akasema Mama Kioko. "Wiki ile Kalekye aliyoletwa hapa, alianika nguo kwenye ua wa miiba zikatoboka. Mumewe akasema ngoja. Mti ulikuwa mwembamba kama paja. Akapigilia msumari, mimi nikamshikia waya upande ule. Tazameni ulivyosokotwa. Nani hapa ni mashoto?"

Watu wote wakanitazama mkono wa kushoto. Nikaurudisha nyuma.

Nikakumbuka. Ningependa kusema nilikumbuka kidogo, lakini nilikumbuka yote. Nyundo ilikosa msumari ikapiga kidole gumba, nami nikaruka ruka uani nikinyonya kidole, na yule bibi arusi, ambaye tangu aletwe alikuwa hajainua uso, alicheka mpaka akaketi chini. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka. Baadaye waya ulipooza nilimtengenezea kamba nyingine nyuma ya jikoni, na hii nikaisahau.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza Mama Kioko.

"Ulikuwa unajiandaa kupasua kuni bila kulia, siku ya kwanza tangu tumzike. Niliona nikutajie wakati mwingine."

Hakuna aliyecheka hapo. Akachukua chupa yake ya uji, akaondoka nayo.

Jumapili mchungaji hakunitazama, nadhani alitaka kunihurumia, lakini nilikuwa nimeapa kwa mdomo wangu na amina zilikuwa zimeshatolewa. Nikasimama (na mshipi, nilikuwa nimeazima). Nikasema jina langu. Nikasema, "Mimi ndiye niliyepigilia chuma kwenye mti ule, ili mke wangu aanike nguo. Na mimi ndiye niliyemchafulia Mama Kioko jina kwa uongo. Anayetaka kumwogopa mtu hapa, aniogope mimi." Mama mmoja akaanza kucheka, akajizuia, ikatoka kwa pua, na kanisa zima likafuata. Waliocheka ni wengi, lakini yule aliyemvuta mtoto wake jana yake alisogea akaketi benchi moja na Mama Kioko. Niliona hilo, nikakaa chini.

Uji haukuja Jumatatu. Haukuja Jumanne. Nilinoa lile shoka mpaka mahali palipomeguka pakapotea, nikampelekea pamoja na nusu ya gogo yenye msumari. Alilipitishia shoka kidole mdomoni. Nusu ya gogo akaiweka kando ya mlango wake, akaikalia, akaendelea kuchambua pojo.

"Suruali zako zilete," akasema hatimaye, bila kuinua macho. "Nizipunguze kiuno kabla ya ukumbusho. Mueni akija asione aibu."

Nimeapa tangu siku hiyo: moyo wangu ukianza kumtafuta mtu wa kulaumu, nitaligeuza gogo kwanza na kutazama upande wa pili, hata kama ni zito, hata kama watu wanatazama. Kesho yake asubuhi chupa ya uji ilikuwa mlangoni. Kuku walikuja wakasimama kwenye kizingiti, wakangoja kama kawaida yao, nami nikaunywa wote mbele yao mpaka tone la mwisho.