Ndoa Niliyoifungisha Bila Leseni

Ninaikumbuka vizuri, mwanangu, Jumamosi ile niliyofungisha ndoa nikiwa si mchungaji wala msajili. Tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Rungwa. Mimi nilikuwa mwinjilisti kijana. Kazi yangu ilikuwa kufundisha nyimbo na kusoma Neno siku ya Jumapili. Mchungaji wetu, ambaye ndiye aliyekuwa na leseni ya serikali ya kufungisha ndoa, alikaa Manyoni. Alitufikia mara moja kwa miezi kadhaa, na masika njia ikikatika hatukumwona kabisa.

Rafiki yangu Ntandu, mrina asali, alikuwa amemchumbia Rebeka, binti aliyehamia kwetu na baba yake kutoka Ilongero. Baba huyo alikuwa mahututi kwa ugonjwa wa kifua. Alitaka amwone binti yake akiolewa kabla hajafumba macho, na mahari akasema itakuja baadaye. Mchungaji hakuweza kufika kwa mvua. Wakaniomba mimi.

Mzee Njiku, mzee wetu wa kanisa, alinikataza mbele yao wote.

"Huna leseni," alisema. "Mwombee mgonjwa, basi. Ukifungisha wewe, hapo hakuna ndoa."

Nilimjibu kwamba Mungu haulizi leseni. Watu wakacheka, nami nikajiona hodari. Niliwaambia Ntandu na Rebeka wasiwe na hofu, mchungaji akija atawafungisha upya kwa utaratibu na kuwapa cheti. Nikawafungisha kando ya kitanda cha mgonjwa, nikaandika karatasi kwa mkono wangu na kuipiga muhuri wa kanisa. Yule baba alifariki wiki hiyohiyo, ameridhika.

Mpaka hapo, mwanangu, kosa lilikuwa bado linatengenezeka. Mvua zilipokwisha, mchungaji alikuja. Nilimpokea, nikambebea mkoba, wala sikumwambia kitu, maana niliogopa ataninyang'anya kazi. Alikuja mara ya pili, nikanyamaza. Rebeka, wakati huo mjamzito, alipouliza cheti chao kitatoka lini, nilimwambia majina yao yameshafika Manyoni. Nilimdanganya nikimtazama usoni, na Mzee Njiku alipouliza nikamwambia hivyo hivyo. Mara ya tatu mchungaji alilala nyumbani kwangu, akala chakula changu, na bado nilinyamaza.

Mtoto wao alikuwa anaanza tu kukaa, Ntandu alipoanguka kutoka mtini akishusha mzinga. Walimbeba kwa machela ya miti, akakata roho kabla ya kufika zahanati. Msiba haujapoa, kaka zake wakaja. Walichukua ng'ombe na mizinga, wakamwambia Rebeka aondoke, kwa kuwa mahari haikutolewa na cheti hakuna. Yeye akaenda mahakama ya mwanzo na karatasi yangu, akiwa na imani nayo.

Hakimu aliisoma, kisha akaniita mbele. Akauliza ni nani aliyeniruhusu kufungisha ndoa. Nikasema hakuna. Ndipo akamgeukia Rebeka, aliyekuwa amembeba mtoto mgongoni.

"Siku ile ulijua kwamba huyu si mchungaji?"

Angesema hapana, pengine sheria ingemhurumia. Lakini alikuwa ameapa.

"Nilijua," akasema. "Aliniambia mchungaji atakuja kutuandika."

Hakimu alisema kwa upole kwamba sheria haiitambui ndoa ile, na kwamba hata ile miaka miwili ya kuishi pamoja, ambayo sheria ingewahesabu kuwa mume na mke, hawakuwa wameifikisha. Kaka zake Ntandu walitoka nje wakiongea juu ya mizinga. Rebeka alibaki amekaa kwenye benchi mpaka karani alipomwomba atoke.

Pale nje Mzee Njiku aliniambia maneno machache. "Kosa la siku ile ningekusamehe. Lakini mchungaji alikuja mara tatu."

Nami nilishtakiwa, nikafungwa. Nilipotoka, nilikaa miaka kabla ya kupata moyo wa kumtafuta Rebeka. Nilimkuta kwao Ilongero akipalilia uwele. Nilipiga magoti shambani nikaomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunitukana.

"Shuleni wanamwita mtoto wa nje," alisema. "Nenda kamwombe radhi yeye."

Shule ilikuwa inaonekana kutoka pale. Sikwenda. Nilirudi kwetu, na mpaka leo sijamwona mtoto yule.

Basi nisikilize, mwanangu unayetaka kuoa au kuolewa harakaharaka. Anayekufungisha awe mchungaji, padri au sheikh, mwulize leseni yake, wala usione haya. Kama huna wa dini, nenda bomani kwa msajili. Ukioa kimila, fuata utaratibu wake na uiandikishe. Tangazo la siku ishirini na moja livumilie, leta mashahidi, na usiondoke bila cheti mkononi. Nawe ukipewa kazi ya kuongoza watu, usifanye usichoruhusiwa kwa sababu tu wamekuomba kwa machozi. Ukiwa umeshakosea, sema mapema, wakati waliokuamini wangali hai. Aibu yako utaibeba siku chache. Kimya chako watakibeba wengine maisha yao yote.

Mungu akupe nyumba yenye amani, mwanangu. Majina yenu yaandikwe pasipo na wa kuyafuta, na watoto wako waitwe kwa jina la baba yao.