Hongo ya Ipole

Kupokea bakshishi ya Mzungu ni kazi, na hakuna aliyeijua kazi hiyo kama kaka yangu. Siku ya mwisho ya safari ya kuwinda, bwana akishapata nyati wake na pofu wake, na mahema yakishakunjwa, sote tulisimama mstari mmoja. Huendi mbele kabla hujaitwa. Ukiitwa, unapokea kwa mikono miwili, unapiga goti, unapiga makofi taratibu kama tulivyolelewa, na hutazami ulichopewa mpaka gari liondoke. Mpishi wetu mmoja alitazama palepale, akakunja uso. Msimu uliofuata alikuwa kwao Itetemia analima karanga.

Lakini fedha ya bakshishi huisha. Kitu chenyewe kilikuwa barua. Kila bwana mwema, pamoja na bakshishi, alimwandikia kaka karatasi ya sifa: mtu huyu anafuata nyayo hata juu ya mwamba, hanywi, haibi. Kaka aliziweka katika kopo la biskuti, akalifunga kwa ukanda wa ngozi. Msimu ukikaribia alikwenda mjini Tabora, akakaa nje ya hoteli ya karibu na stesheni, na kila mwindaji aliyeshuka kwenye treni alifunguliwa kopo. Mzungu alisoma ya juu, pengine na ya pili, basi, kazi imepatikana.

Asiyekuwa na barua alijua pa kwenda: kwa wakala wa mkonge, apewe namba, apakiwe treni kwenda Tanga awe manamba. Kaka yangu aliogopa mkonge kuliko nyati aliyejeruhiwa. Baba yetu alikwenda huko kwa mkataba wa mwaka mmoja, na hatukumwona tena.

Mimi katika safari hizo nilikuwa mchuna ngozi, na nilikuwa pia ulimi wa kaka. Yeye Kiswahili chake kilikuwa cha porini, cha kuonyesha kwa kidole. Mimi nilikuwa nimekaa mjini, nikajiona bingwa. Nilipenda kutafsiri. Hata pale Mzungu alipoelewa wazi mimi nilitafsiri tu.

Mwaka huo tulipiga kambi Ipole, kwenye kisima cha warina asali. Wazee wa pale walitupisha kisima chao na kushusha mizinga yao ya karibu ili nyuki wasitusumbue. Siku ya kuondoka, bwana alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni, kaka akaninong'oneza kwa Kinyamwezi, "Mdogo wangu, mwambie hiki anachotoa kisiwe cha kwetu tu. Wenye mahali hapa wametupa maji. Awaachie nao chochote, hata chumvi, ndiyo heshima ya njia."

Yalikuwa maneno mazuri, na mimi nikayatafutia neno zuri. Bakshishi niliiona ndogo, neno la wachukuzi wa stesheni. Nikakumbuka babu yetu, aliyebeba pembe za ndovu begani kutoka Kwihara mpaka pwani. Babu alitusimulia kwamba msafara ukifika kwa mtemi, haupiti mpaka utoe kitambaa na shanga kwa mwenye nchi. Kwa babu, kutoa huko ndiko kulikomtofautisha msafiri na mwizi, na jina la utoaji huo alilitamka kwa adabu kama mtu anayemtaja mkwe wake.

Basi nikasimama wima, nikasema kwa sauti, "Bwana, kaka yangu anasema, kabla hujaondoka, usisahau hongo."

Bwana yule Kiswahili chake alikisoma kwenye kitabu, Dar es Salaam. Akauliza polepole, "Hongo?"

"Ndiyo, bwana. Hongo. Kwa wote."

Akamtazama kaka, siyo mimi. Kaka, akidhani ombi lake limepokewa vizuri, akatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Mzungu akatoa mkono mfukoni ukiwa mtupu. Akaketi juu ya sanduku la risasi, akaandika kwa muda mrefu, akaikunja karatasi na kumpa kaka. Kaka akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akapiga makofi. Wazee wa Ipole hawakupata hata chumvi.

"Huyu kalipa kwa karatasi," kaka alisema gari lilipoondoka. "Lakini tazama urefu wake! Hii ndiyo ya kukaa juu."

Ikakaa juu. Msimu uliofuata wawindaji walisoma, wakamrudishia kopo bila neno. Mmoja alicheka. Mwingine alimfukuza kwa fimbo ya kutembelea. Kaka alirudi nyumbani akisema mwaka huu Wazungu hawana bahati na wanyama. Msimu wa pili ikawa vilevile, na mke wake akaanza kuuza kuku mmoja mmoja. Mimi roho ikaniuma. Nikamwambia kaka nipe ile barua ndefu nimpelekee mwalimu wa misheni, tujue imesema nini. Akanipa kwa furaha, imefungwa katika kitambaa safi.

Mwalimu akaisoma, akanitazama kwa huruma. "Inasema ni hodari wa nyayo," akasema. "Halafu inaonya kila atakayeisoma asimwajiri, kwa sababu anadai hongo."

"Ndiyo, aliiomba," nikasema. "Nilitafsiri mimi mwenyewe. Ubaya uko wapi?"

Mwalimu akavua miwani. "Hongo ya babu zenu imekwisha, ndugu yangu. Siku hizi hongo ni rushwa. Hapa pameandikwa kwamba kaka yako ni mla rushwa."

Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema, lakini mdomo wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Njia nzima nilijipangia maneno. Nilifika, kaka alikuwa ananoa jembe mlangoni, akainua uso kama mtoto anayengoja ubwabwa.

"Amesema nini mwalimu?"

Ningesema. Nilikuwa na ulimi ule ule uliokuwa hodari mbele ya Mzungu. Lakini niliona aibu. Niliona jinsi atakavyonitazama, nikashindwa.

"Amesema ni nzuri, kaka. Nzuri sana."

Niliazimia kuiiba nikaichome moto. Sikuweza hata hilo. Kaka hakujua kusoma lakini alizijua barua zake moja moja kwa rangi na mikunjo, na kila jioni alizipitia. Msimu wa tatu akakaa tena nje ya hoteli, barua juu. Alipomaliza msimu huo bila kazi hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa wakala, na treni ikaondoka naye. Kopo alikwenda nalo.

Miaka miwili baadaye, mtu wa kijiji chetu aliyekuwa naye mkongeni alirudi. Alikuja kwangu kwanza kabla ya kwenda kwa mjane, akaniwekea kopo miguuni. Kaka, alisema, alikufa kwa kikohozi cha kifua. Nilifungua ule ukanda. Barua ya Ipole ilikuwa juu, imechakaa kwenye mikunjo mpaka inapitisha mwanga.

"Alimwonyesha kila msimamizi Mzungu aliyekuja," yule mtu akasema. "Sisi tulishangaa, mwenye barua kama ile kwa nini hatolewi kwenye kukata mkonge, hata akiwa mgonjwa. Tukamwambia labda siyo nzuri, tumtafutie karani aisome."

"Akasema nini?"

"Alikasirika. Akasema haina haja, mdogo wake alishampelekea mwalimu."