Koti Nililoifumia Kompyuta

Ulikuwa mwaka ule tuliokula muhogo mpaka kuku wakaukataa. Asubuhi muhogo na chai ya rangi, mchana ugali wa muhogo, jioni muhogo huo huo umetiwa mtama kidogo ili tudanganyane kwamba ni chakula kingine. Mahindi yalikuwa yameungua shambani, na wimbi tuliovuna ulikuwa wa kuonja tu. Ukinitajia mwaka kwa tarakimu sitajua unasema upi. Nitajie tulikula nini, nitakwambia mpaka nguo niliyovaa.

Lakini muhogo ule haukuwa wa kula tu. Ulikuwa masomo. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, alikuwa anamaliza chuo cha kilimo kule Tororo, na kazi yake ya mwisho ilikuwa kukausha muhogo. Msicheke, hata mimi nilicheka nikanyamaza. Alijenga kichanja uani kwangu, huku Uganda, upande wa Masafu, akakifunika nailoni, akatandaza vipande humo. Vingine akavianika chini kwenye mkeka, kama tunavyofanya sisi. Kila asubuhi na kila jioni alivipima kwa mizani ndogo na kuingiza namba kwenye kompyuta. Miezi mitatu. Akishamaliza kupima, mimi nachukua, natwanga, tunakula.

Kwa hiyo elewa hatari ilipokuwa. Namba zilikuwa ndani ya kompyuta, na muhogo ulikuwa ndani ya matumbo yetu. Namba zikipotea, hakuna wa kupima tena.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ile ya kukunja, mitumba, mjomba wake aliinunua ng'ambo ya Kenya. Ilikuwa imezeeka. Herufi zilishafutika, na kona moja ilifungwa kwa gundi ya karatasi. Nilipoiona inaingia nyumbani kwangu nilijua la kufanya. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, lakini kwa sindano ya kufuma simwogopi mwenye digrii. Redio yangu ina kitambaa. Chupa ya chai ina kitambaa. Viti vyote vina vitambaa, vyeupe, vya maua. Basi kitu cha bei kama kile kikae uchi? Nikakifumia koti zima, la chini na la juu, lenye tundu la waya tu.

Mjukuu akaniambia mimi bibi yake, "Jaja, hii haihitaji nguo."

Nikamwambia, "Wewe ulipozaliwa ulisema hivyo hivyo?"

Akaivalisha. Mtoto mwenye adabu. Akawa anafanyia kazi kitandani, juu ya blanketi, koti likiwa chini ya kompyuta, na mimi mlangoni napepeta kale kawimbi kangu, makapi yanaruka ndani. Kompyuta ikaanza kuchelewa. Ukibonyeza leo, inajibu kesho. Ikaanza kulia kama nyuki kwenye mtungi, ikawa inajizima yenyewe. Kila ikiwaka tena mjukuu anasema, "Kesho nitanakili kazi yote kwenye flashi." Hiyo kesho yake ndiyo iliyotaka kutuua.

Ikafika Ijumaa ya mwisho. Ripoti iwe imefika ofisi ya chuo na kugongwa muhuri kabla ya saa kumi na moja jioni. Asiyegongewa muhuri siku hiyo anarudia mwaka. Na baba yake alishasema wazi kwamba mwaka wa kurudia haupo, atarudi nyumbani kushika jembe.

Asubuhi hiyo mjukuu alikuwa anarekebisha kurasa za mwisho. Kioo kikawa cheusi. Akangoja, akawasha, kikawa cheusi. Mara ya tatu haikufika hata kwenye maandishi. Nikaigusa mgongoni nikarudisha mkono, kama mtu aliyeshika kifuniko cha sufuria.

Sasa kwangu kitu cha joto kina mahali pake. Kuna mtungi wa maji pembeni ya mlango, umekaa juu ya mchanga mbichi, na siku ya jua kali maji yake yanauma meno. Nikaibeba kompyuta mbio, nikainama kuiweka kwenye mchanga ule.

"Jaja! Jaja, hapana! Maji inaua!"

"Joto nalo linaua. Chagua kifo."

Akaninyang'anya. Hajawahi kuninyang'anya kitu maishani mwake. Tukaiweka kwenye ungo, nikaifunika na koti lake, tukaenda Busia, mji wa mpakani.

Tulivuka mpaka kwa miguu, kama watu wanaokwenda kununua sukari, tukaingia kwa fundi upande wa Kenya, yule yule aliyemuuzia mjomba. Mwanamume mwenye mvi kidevuni, kaunta yake imejaa maiti za simu. Akalinyanyua koti kwa vidole viwili, akaniita mama kwa lugha yao ya mjini.

"Mathe, hii ni nini?"

"Koti."

"Kompyuta inavaa koti? Sasa soksi ziko wapi?"

Mjukuu wangu akacheka, mara ya kwanza siku hiyo, na kicheko hicho hicho kikageuka kilio. Fundi akaacha mzaha. Akachukua bisibisi, akaifungua tumboni.

Alichotoa sikisahau. Makapi ya wimbi. Unga wa muhogo. Na uzi. Uzi mweupe umejizungusha kwenye kifeni cha ndani, umekaza, na bawa moja la kifeni limevunjika.

"Huyu alikuwa anapumua na pua imeshonwa," fundi akasema. "Angalieni, hapa ndipo hewa inapoingilia, chini. Mmeiziba. Ikishindwa kupoa inapunguza mwendo, ikizidiwa inajizima. Inajiokoa, Mathe. Si jeuri."

Mimi nilikuwa natazama sakafu. Uzi wangu ningeujua hata gizani. Mjukuu akauokota, akauzungusha kidoleni. Angenigombeza, ingekuwa nafuu.

Fundi akasafisha kwa brashi, akapuliza, akakijaribu kifeni. Kikazunguka kwa kuchechemea. Akatikisa kichwa. Akasema anahitaji kifeni kingine na ile dawa ya kupoza inayopakwa ndani. Ama aitoe diski aisomee kwenye kompyuta nyingine, lakini waya wa kazi hiyo uko kwa mwenzake aliyeuazima, kule Bungoma.

"Iacheni hapa. Jumatatu mchana mje, mtakuta kila kitu tayari."

"Muhuri ni leo jioni. Jumatatu ni baada ya mazishi," nikamwambia.

"Mathe, mimi si malaika. Iache, uende ukapumzike."

Hapo lazima niseme habari ya mashine ya kusagia. Kwetu ukipeleka debe lako la muhogo mkavu kusagwa, huliachi. Msagaji atakwambia, mama, acha, rudi jioni, na jioni utapewa unga, lakini si wako. Wako ulikuwa mweupe, huu una mchanga wa jirani. Kwa hiyo unasimama hapo na vumbi lako, unaliona debe lako likiingia juu na unga wako ukitoka chini, unafunga gunia kwa mkono wako mwenyewe. Miaka yote nimemjibu msagaji neno moja, na neno hilo ndilo nililompa fundi:

"Changu sikiachi nikageuza mgongo."

"Utalala hapa?"

"Kama una mkeka."

Akanitazama. Akamtazama mjukuu. Akavuta pumzi kama ng'ombe.

"Sawa. Tujaribu kitu kimoja, na ikifa msinilaumu."

Akaiacha bila kifuniko cha chini. Akaokota vizibo vinne vya soda, akaviweka kwenye pembe nne, akaikalisha juu yake ili hewa ipite. Akasema itawaka dakika chache tu kabla joto halijapanda. Katika dakika hizo lazima kazi yote iingie kwenye flashi. Ikipata upepo wa kutosha, labda. Nikatafuta kwa macho feni yake ya mezani. Ilikuwepo, imekufa, nayo inangoja fundi.

Nikachukua ungo.

Kupunga nzi si kazi, hata mtoto anaweza. Upepo wa kupepeta ni mwingine, unatoka begani, hauruki, haukatiki, na mkono mmoja haumsubiri mwenzake. Nimeupepetea ukoo huu tangu sijaota mvi. Nikasimama kwenye ubavu wa kompyuta, fundi akabonyeza, nikaanza.

Ikawaka. Polepole, kama mzee anayetafuta fimbo yake. Mjukuu akachomeka flashi, akafungua anapopajua, na kamstari ka kijani kakaanza kutambaa kwenye kioo. Robo. Karibu nusu. Fundi alikuwa ameweka kidole kwenye chuma cha ndani, na mimi nasoma uso wake kwa kuwa kioo siwezi kukisoma.

"Inapanda," akasema. "Inapanda. Mathe, usiache."

"Nani ameacha?"

Kamstari kakasimama. Mjukuu akaziba mdomo kwa mikono miwili. Bega langu la kulia, lile lililoteguka siku nilipoanguka na mtungi, likaanza kuwaka kuliko kompyuta. Nikauma meno. Jasho liliingia machoni na sikulifuta, kwa sababu mkono wa kufutia sikuwa nao.

"Jaja, basi," mjukuu akasema, sauti ndogo. "Umechoka. Nitarudia mwaka, haidhuru. Acha."

Nikazidi kupepeta. Upepo na maneno vinatoka kwenye kifua kimoja.

Kamstari kakaruka. Kakasimama. Kakaruka tena, kakafika mwisho, na fundi akapiga kelele, "Toa! Imeingia, toa!" Mjukuu akaichomoa flashi, na kioo kikawa cheusi pale pale, hata ungo sijaushusha.

Ripoti ikachapishwa duka la pili, kurasa zikiwa bado na joto. Fundi alitaka nimwachie kompyuta. Hakumaliza sentensi, alinisoma usoni, akakaza skrubu zake. Nikaipakia kwenye ungo. Koti nikalikunja, nikalitia chini ya kwapa kama mtu anayeficha nguo aliyoiba.

Tulivuka kurudi Uganda, tukapanda pikipiki moja wawili, yeye ameikumbatia ripoti, mimi nimeukumbatia ungo. Njia ya Tororo ilikuwa na malori hayaishi. Nikamwambia sikioni, kwa nguvu, kwa sababu ya upepo:

"Ule uzi ulikuwa wangu."

"Najua, Jaja. Na ule upepo pia."

Tuliingia ofisini robo saa kabla ya saa kumi na moja. Mlango wazi, karani mmoja tu, mwanamke nadhifu, ameshaning'iniza mkoba begani. Muhuri sikuuona mezani. Mjukuu wangu akapiga magoti kama tulivyomfundisha, akatoa ripoti kwa mikono miwili.

"Iache hapo juu ya meza," karani akasema. "Muhuri nimeshaufungia kwenye droo. Jumatatu nitaigonga."

Jumatatu tena. Na mtoto wa watu, na adabu zake zote, akaiweka mezani, akaanza kusema asante. Kwamba muhuri wa Jumatatu ungeandika Jumatatu, hata mimi wa darasa la tatu nililiona. Nikaichukua ripoti pale mezani. Nikavuta kiti cha wageni mpaka mbele ya ile droo, nikakaa, ungo na kompyuta yake magotini, ripoti juu yake.

"Mama," karani akasema, "mimi nafunga ofisi. Acha hiyo karatasi, uende nyumbani upumzike."

Saa ya ukutani ilikuwa nyuma yake, juu ya kichwa chake, na kumi na moja ilikuwa haijafika. Nikaitazama hiyo, nikamtazama yeye, nikaitazama droo.

"Changu sikiachi nikageuza mgongo."