Niliandika herufi za mdogo wangu kwenye maboksi yangu

Admin, nifiche jina na chochote kitakachonitambulisha, ila maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, Mtanzania, naishi Guangzhou mwaka wa tisa sasa. Sina mume wala mtoto. Nanunua mizigo na kuisafirisha nyumbani, na mpaka mwaka jana kazi hiyo nilikuwa naifanya na mdogo wangu wa tumbo moja. Kwetu tumezaliwa wawili tu.

Kabla hamjaanza kunionea huruma, nijueni kwanza. Mimi tangu utoto ni mtu wa kupewa na mama. Gauni jipya langu, yeye analivaa likishachuja. Tulipokua akapata mchumba, kijana mtulivu, nami nikamchukua. Wala sikumpenda. Nilishindwa tu kumwona mdogo wangu na kitu ambacho mimi sina. Mwaka haukuisha yule kijana akaniacha, wakati huo nimeshakuja huku kutafuta maisha, na nilipompigia mdogo wangu nikilia, akakata tiketi akanifuata huku China. Hakuwahi kulitaja lile jambo hata siku moja. Nilikaa nikisubiri anitukane, hakunitukana, nikaanza kumchukia kwa hilo.

Tulipanga vyumba viwili Sanyuanli, mtaa wa hapa Guangzhou. Kwa msioijua kazi hii, watu wengi tunachangia kontena moja, kwa hiyo kila boksi linaandikwa maki, yaani herufi za mwenye mzigo na mji unakokwenda. Mwenye maki ndiye mwenye mzigo, basi. Mdogo wangu alikuwa na maki yake na mimi yangu. Yeye alinunua viatu vya watoto tu, na miaka yote hakuna aliyewahi kuutilia shaka mzigo wake. Wangu ulishafunguliwa na kupekuliwa mara mbili.

Mwaka jana yeye alitangulia nyumbani kupokea kontena, mimi nikabaki kufunga mizigo. Nikaongeza maboksi manne ya krimu za kujichubua, zile zilizopigwa marufuku kwetu. Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika maki yake. Nilijiambia ni kwa sababu yake ni safi, yatapita. Lakini uongo wa nini humu? Nilijua kabisa kwamba yakikamatwa, atakayeulizwa si mimi.

Yakakamatwa bandarini kule nyumbani. Mdogo wangu akaitwa, maboksi yakafunguliwa mbele yake. Mchana huo mimi nilikuwa Liuhua kwenye soko la viatu, nabishana bei. Akanipigia, akaniambia yuko na mpelelezi na simu wameiweka spika. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ananiuliza chumvi nimeiweka wapi.

"Dada, haya maboksi manne ya krimu ni ya nani?"

Nikasema, "Sijui, mdogo wangu. Labda wakala amechanganya."

Nilisikia karatasi zikigeuzwa kule. Kisha akasema, "Haya dada, usijali." Simu ikakatika.

Nilikuja kusikia kwa mama kwamba muda mfupi baadaye alitoa maelezo kuwa mzigo ule ni wake. Alijua, jamani. Mwandiko wangu anaujua kuliko mtu yeyote, mimi ndiye niliyemshika mkono kumfundisha herufi kabla hajaanza shule. Aliyatazama yale maboksi, akanipa nafasi niseme mwenyewe, na mimi nikaikataa. Mpaka leo yuko mahabusu.

Tangu siku hiyo siko peke yangu humu ndani. Chumba chake nimekifunga kwa ufunguo, lakini mchana kweupe nasikia selotepu ikivutwa kule, vile alivyokuwa akifunga mizigo. Nikifungua, hamna mtu. Nikipita Xiaobei kwenye ofisi za mizigo naona herufi zake kwenye maboksi ya watu, nikisogea naona ni za mwingine. Mama mmoja wa Kichina anayetuuzia viatu, kila akiniona ananiuliza, "Meimei?", yaani mdogo wa kike, anataka kujua yuko wapi. Nilichoka kuulizwa, nikamdanganya kwamba ameolewa. Akafurahi sana, akanifungia jozi ya viatu vya kichanga nimpelekee. Sasa viko mezani kwangu na siwezi kuvitupa.

Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia, nikamweleza mama ukweli wote. Nilitegemea atalia au atanilaani. Akaniuliza kwanza kama nimeshamwambia mtu mwingine. Nikasema hapana. Akasema, "Nimezaa wawili, mmoja yuko ndani. Ukija kusema watakushika na wewe, na mimi nitabaki na nani? Kaa huko huko."

Nilikata simu. Mama alikuwa ananipa tena kama zamani, safari hii ananipa miaka ya mdogo wangu.

Wakili wa mdogo wangu amesema hukumu ni mwezi ujao, na kwamba mwenye mzigo halisi akijitokeza kabla, mambo yanaweza kubadilika. Hajui kwamba anaongea na mwenye mzigo mwenyewe. Nikienda najua naingia ndani, tena mama hatanisamehe. Nikibaki, biashara yangu itaendelea na hakuna atakayejua, isipokuwa yeye, na yeye hatasema.

Najua mtanitukana, nitukaneni, nimestahili. Ila mkimaliza nipeni na ushauri, niende au nibaki? Na niwaambie jambo moja ambalo hata mama sijamwambia. Hapa ninapoandika, machozi yananitoka, lakini bado kuna moyo ndani yangu unaoomba wengi wenu mseme nibaki.