Suruali ya Mtaalamu na VPN ya Walikale

Miaka ile ya vita nilifanya kazi Walikale, katika shirika dogo la afya lililopeleka dawa kwenye vituo vya msituni, mpaka Pinga. Cheo changu kwenye karatasi kilikuwa kirefu, lakini kazi yenyewe ilikuwa kujua ni vidonge vingapi vimebaki wapi, na kuandika idadi hiyo ndani ya mashine ya ofisi kuu, iliyokuwa Ulaya. Mashine hiyo haiingiwi ovyo. Lazima upitie VPN, njia ya faragha ndani ya intaneti, yenye neno lake la siri. Ukishapita, kompyuta yako inahesabiwa kama imekaa Ulaya. Wewe mwenyewe unabaki Walikale.

Ghafla VPN ikaanza kukatika. Si siku zote, na hilo ndilo lililotutesa. Kitu kilichokufa kabisa unakizika na kuendelea na maisha. Hiki kilikufa saa tatu asubuhi, kikafufuka saa saba mchana, kesho yake kikawa kizima siku nzima. Ujumbe wa simu, kwa intaneti hiyohiyo, ulipita kwa kujikokota, kwa hiyo kila mtu alisema intaneti ipo, VPN ndiyo haipo. Nilimpigia mtaalamu wetu wa kompyuta aliyekuwa Goma. Alinisikiliza kwa upole, kisha akanipa dawa yake, neno moja la Kifaransa: redémarrer. Nizime, niwashe. Nilizima na kuwasha vitu vyote vyenye kitufe ndani ya ofisi ile, hata feni.

Shefu wetu, mkuu wa ofisi, mzee mmoja mcha Mungu, aliamua tuombee modemu. Tukaiombea kila asubuhi ya Jumatatu, tumesimama kuizunguka. Jumatatu mbili ilishika vizuri, naye akaanza kunitazama kama mtu mwenye imani haba.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa Masisi, na kwetu shamba likikataa kuzaa unaangalia hali ya hewa. Nikafungua daftari. Kila siku niliandika: mvua au jua, VPN iko au haiko. Baada ya wiki chache nikaona jambo la kuchekesha. Siku ya mvua, ambayo mafundi wote wanasema ni adui wa intaneti ya dishi kama lile letu la uani, VPN yetu ilishika kama gundi. Siku ya jua zuri ilikufa. Na kulikuwa na siku za aina ya tatu, zile tuliposikia risasi ng'ambo ya mto na kukaa wote chini kwenye kolido, migongo ukutani. Siku hizo VPN ilikuwa nzima kabisa, alama yake ya kijani kwenye kompyuta tukiiona kutoka pale chini, na hakuna aliyeinuka kwenda kuitumia.

Niliandika yote hayo kwa uaminifu, nikayatuma Goma. Hilo ndilo kosa langu. Afisa wa usalama wa huko aliisoma karatasi yangu kwa jicho lake la usalama, akapata jibu: vikundi vya porini vina mashine ya kuziba mawasiliano. Siku za mapigano wanakuwa na shughuli nyingine, wanaizima. Siku za mvua wanaogopa isilowe. Maelezo hayo yalipanda mpaka Ulaya, na Ulaya wakaogopa sana. Watu ambao sisi tuliwajua kwa kutuomba chumvi na sabuni vizuizini, sasa walikuwa na mitambo. Ikaamuliwa mtaalamu aje mwenyewe na vyombo vya kupimia.

Akaja kwa pikipiki, kupitia Sake na Masisi, siku mbili za matope. Kila kizuizi walimuuliza mfuko wake una nini, naye akajibu kwamba una vifaa vya kupimia VPN, jibu ambalo halijawahi kumsaidia mtu barabarani. Alifika jioni akiwa na rangi moja kuanzia kofia mpaka viatu. Begi lake la nguo lilibaki mtoni, mahali fulani baada ya Masisi. Shefu alimpa shati na kikwembe cha kujifunga, na suruali yake ya jinzi, iliyokuwa nzito kwa matope, ikapelekwa kwa Mama aliyetufulia.

Mama huyo pia alitoka Masisi. Alikimbia vita na watoto wake wanne, akatembea nao mpaka Walikale, mdogo kabisa mgongoni. Tulizungumza Kihunde, lugha ya kwetu, kila siku, habari za mashamba tuliyoyaacha, nani amerudi, nani hakurudi. VPN hatukuwahi kuigusa. Hakuna aliyefikiri inamhusu.

Kesho yake asubuhi mtaalamu alikaa mbele ya kompyuta yangu na kikwembe chake cha maua makubwa, akaunganisha vyombo. VPN ilishika. Akabadilisha neno la siri, akapima, ikashika. Akanigeukia na kuniambia, kwa upole uleule wa kwenye simu, kwamba mara nyingi tatizo ni mtu anayetumia. Shefu alikuwa mlangoni na alisikia. Nilihisi masikio yanawaka, nikaenda kusimama dirishani ili wasinione uso.

Uani jua lilikuwa limetoka. Mama alikuwa anaanika. Alitundika mablanketi mawili ya chumba cha wageni, yakidondosha maji, kisha akaitwika kamba ile jinzi, nayo ilikuwa nzito kama blanketi la tatu. Nikaona dishi letu linainama. Kidogo tu, kama mtu anayesinzia kanisani. Nyuma yangu mtaalamu akasema imekatika.

Kamba ilikuwa imefungwa upande mmoja kwenye mwembe, upande wa pili kwenye mlingoti wa dishi.

Nilitoka, nikaianua suruali kambani, nikaanua na mablanketi, Mama akinitazama kama nimepata wazimu. Dishi likainuka. Kutoka ndani nikasikia mtaalamu anasema imerudi. Nikaitundika suruali tena pamoja na mablanketi. Akasema imekatika. Nilifanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu nilifanya kwa raha yangu tu. Ndipo nikamwita aje aone. Alikuja ameshika kikwembe kisimdondoke, akaitazama jinzi yake, akatazama dishi, akasema likiinama hivyo intaneti inayobaki inatosha ujumbe wa simu tu, VPN haiiwezi.

Shefu alimuuliza Mama ni lini alifunga kamba pale. Mama alisema ni tangu mti wa zamani wa kamba uanguke, miezi mingi iliyopita. Siku za mvua hafui, na siku za risasi anajificha kama watu wote. Shefu akamuuliza kwa nini hakusema.

"Papa, hakuna muntu aliniuliza," Mama alijibu. "Siku zote munaangalia kompyuta. Miye sikufunga kamba ku kompyuta."

Mtaalamu ndiye aliyecheka kwanza, nikampendea hapo. Mchana huo alichimba mashimo mawili kwa mikono yake, akasimamisha nguzo mpya za kuanikia, na Mama akazitingisha moja moja kabla ya kuzikubali.

Jioni tuliandika ripoti pamoja. Mimi niliandika ukweli wote. Shefu alisoma, akafuta neno suruali, akaweka "uzito wa nje usiotarajiwa". Kuhusu mashine ya waasi, mtaalamu aliniomba tusiiguse, kwa sababu Ulaya walikuwa wameshatengeneza kamati juu yake. Tukaiacha. Nikaituma ripoti kwa VPN, ikapita mara moja.